Pumzi, Viungo na Akili ya Uzeeni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani katika sherehe za kumbukumbu)

Sisi tunaotoka Ngara na Biharamulo tumesafiri njia ndefu kufika hapa, nanyi mmetupa dakika chache kabla ya chakula. Basi tuingie katika jambo lenyewe.

Mwenye duka huuona uzee wa watu karibu zaidi kuliko daktari. Tumewaona wateja wa miaka mingi wakilipa deni lile lile mara mbili, wakisimama mlangoni wasijue walichokuja kununua, na mwisho wakija wameshikwa mkono na mjukuu. Katika Kanda ya Ziwa bibi wa namna hiyo amepata kuitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Katika nyumba zetu za Kigujarati hatumwiti mchawi. Tunamweka chumba cha ndani, wageni wakija tunasema Ba amepumzika. Hatuoni kuwa hiyo ni heshima.

Huu ni ugonjwa, na jina lake ni dimensia. Watafiti walipowapima karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikadiria kuwa kati ya kila wazee 100, sita au zaidi kidogo wanao. Taarifa yao ilitoka mwaka 2013. Kwa hiyo yule asemaye kuwa ni maradhi ya Wazungu wanaoishi miaka mingi, ajue kwamba yamehesabiwa hapa hapa nchini, kwa wakulima wa kahawa na migomba kama majirani zetu.

Ubongo ni kama sehemu mbili katika mia za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja katika tano za oksijeni tunayovuta. Oksijeni hiyo huletwa na damu kupitia mishipa midogo mno. Shinikizo la damu na kisukari huiharibu mishipa hiyo polepole, na maradhi hayo mawili yanatujua vizuri sisi tunaokaa nyuma ya kaunta kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, chai ya maziwa na sukari ikipita kila baada ya saa. Mama wa Ngara anayepanda mlima na ndoo kichwani hahitaji kufundishwa mazoezi na mwenye duka. Tunaohitaji ni sisi.

Kutembea peke yake kunafaa. Huko Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitembea kwa bidii dakika 40 mara tatu kwa wiki, jingine likanyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, iliongezeka kwa asilimia 2 hivi kwa waliotembea, na ikapungua kwa wale wengine.

Lakini mwendo unaoulazimu mkono, mguu, sikio na jicho kuafikiana unaushughulisha ubongo zaidi, na mwendo huo tunao tangu zamani. Tazameni dandiya wakati wa Navratri: fimbo mbili, hatua zinazohesabiwa, mwenzako anabadilika kila mzunguko, na ukikosea unagongwa kidole. Tazameni akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka, pumzi zao zikifuata mapigo. Mwaka 2003 madaktari wa New York waliandika juu ya wazee 469 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kati ya mazoezi yote ya mwili waliyoyachunguza, ni kucheza dansi tu kulikoambatana na dimensia kuwa pungufu. Inawezekana pia kuwa wenye akili nzima ndio wanaoendelea kucheza, kwa hiyo tusilipigie jambo hili tarumbeta kama dawa ya mnadani.

Sasa pumzi. Majirani wengine wametuuliza kwa upole kama pranayama ni kuabudu miungu yetu. Swali ni la haki. Jibu tunalolipenda lilitoka Italia mwaka 2001: watu 23 walipimwa wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya yoga. Yote mawili yalipunguza kupumua hadi mara sita hivi kwa dakika, na moyo na mishipa ya damu vikaenda kwa mwafaka mzuri zaidi. Bibi Mkatoliki wa Rulenge, basi, amekuwa akifanya zoezi hili tangu utoto bila kutuomba ruhusa.

Namna yenyewe ni hii. Kaa kitini, mgongo wima, miguu sakafuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne. Itoe taratibu ukihesabu moja mpaka sita. Kila pumzi ni sekunde kumi, yaani sita kwa dakika. Ukizoea, ongeza viungo: ukivuta, nyoosha mikono juu, ukitoa, mkono wa kulia uguse goti la kushoto, na mara inayofuata wa kushoto uguse la kulia. Baada ya wiki mbili simama ufanye hivyo hivyo, mtu akiwa karibu. Wenye magoti mazima waendelee na Surya Namaskar na hatua zake kumi na mbili. Ukiona kizunguzungu, acha. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi, na vidonge vya daktari asiviache hata siku moja kwa sababu ya maneno yetu. Hatujasikia pumzi iliyomponya mtu dimensia iliyokwisha kuingia.

Hata huko Hai, walipojaribu baadaye kuwasaidia waliokwisha kuugua, waliwakusanya katika vikundi vya mazungumzo na shughuli za kuchangamsha akili, na hali ya wengi ikawa afadhali. Mzee aliyefungiwa chumbani hapati hata hilo.

Kwa sababu hekalu liko mbali nasi, tumefagia ua wa ghala letu Biharamulo. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua duka, tutakuwa pale kwa dakika 40. Watu wa Ngara nao watapata siku yao tukimpata mwenye ukumbi. Hakuna ada, wala hakuna atakayeulizwa dini. Anayemtunza mzee aliyeanza kusahau aje naye. Viti vyenye mikono vipo, na chai tutaitoa bila sukari.