Ziada ni ya Nani? Basili wa Kaisaria na Mahubiri ya Mbegu



Mada ya jioni hii nimesukumwa kuichagua na fundisho linalosikika redioni, kwenye mikutano ya injili na hata katika madhabahu tulizolelewa nazo: kwamba sadaka ni mbegu, atoaye amepanda, na Mungu hana budi kumrudishia mara mia. Nataka kulipima fundisho hili kwa maandiko yale yale linayoyaegemea.

Ngome yake kuu ni 2 Wakorintho 9. Ni kweli, Paulo anasema apandaye haba atavuna haba. Lakini fedha zile zilikuwa zikienda wapi? Zilikuwa changizo la makanisa ya mataifa kwa watakatifu maskini wa Yerusalemu. Paulo hakujichangishia. Katika sura ya 8 anaeleza kuwa makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, asije mtu akamlaumu juu ya fedha hizo. Wamakedonia, anaowasifu kwa kutoa kupita uwezo wao, walikuwa hohehahe, na hakuna mahali anaposema walitajirika baadaye. Shabaha yake anaitaja bila kificho: aliyezidishiwa amjazie aliyepungukiwa, pawe na usawa, kama ilivyokuwa kwa mana jangwani. Mungu humpa mtu vya kumtosha ili azidi katika kila tendo jema. Mavuno anayoyataja ni haki, na shukrani zinazopanda kwa Mungu kutoka vinywani mwa waliosaidiwa.

Ngome ya pili ni Malaki 3:10. Wahubiri hukimbilia madirisha ya mbinguni, wakaliruka ghala. Zaka ile iliingizwa ghalani ili kiwemo chakula nyumbani mwa Mungu. Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe mijini, wale na kushiba Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tena aya tano tu kabla ya ahadi hiyo, Malaki anawatangazia hukumu wanaomdhulumu kibarua ujira wake na kuwaonea mjane na yatima. Kuihubiri aya ya 10 ukaiacha ya 5 ni kulikata neno la nabii katikati.

Utoaji usiodai malipo niliuona tangu utotoni. Nimekulia kijijini, ambako baada ya ibada ya mavuno hufanyika mnada uani mwa kanisa: debe la maharage, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Mara nyingi niliona mtu akinunua mkungu kwa bei ya juu, kisha akamwambia mzee wa kanisa aupeleke kwa mjane fulani. Sikupata kusikia mnunuzi akiuliza Mungu atamlipa lini.

Mwalimu wangu mkuu katika jambo hili ni Basili wa Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alizaliwa mnamo mwaka 330 katika ukoo wa wenye mashamba, akasoma Athene, akafa mwaka 379. Karibu na mwaka 369, njaa kali ilipoikumba Kapadokia, alikuwa bado kasisi. Wenye nafaka walifunga maghala wakisubiri bei ipande. Basili akahubiri juu ya tajiri wa Luka 12, yule aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Katika mahubiri hayo anamchora baba mwenye njaa anayewapitisha wanawe mmoja mmoja moyoni, akipima yupi amuuze ili wengine wale. Kisha anamgeukia mwenye ghala na kumfundisha kwamba mkate alioufungia ni mali ya mwenye njaa, na vazi lililolala sandukuni ni la aliye uchi. Maneno yake hayakuishia mimbarani. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, anasimulia jinsi Basili alivyowakusanya wenye njaa, akapakua supu kutoka vyunguni na kuwaosha miguu. Alipokuwa askofu alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wakoma na wasafiri.

Wapo wanaoniambia kuwa mahubiri ya mbegu yamempa maskini nidhamu ya kutoa na tumaini la kesho. Nakubali, na tumaini hilo ni la kuheshimiwa. Wengine wanahofu kuwa kwa kipimo cha Basili kuweka akiba ni dhambi. La hasha. Yusufu alihifadhi nafaka Misri, na Basili mwenyewe anamtaja kama mfano, kwa sababu njaa ilipofika aliyafungua maghala. Akiba yenye mlango unaofunguka kwa mhitaji ni hekima.

Pamoja na hayo yote, nasimama hapa: baraka inayokuzidi umekabidhiwa kwa ajili ya mwenzako, na kumpa ni kumfikishia haki yake. Mungu akikuongezea, amekuongezea kazi ya kugawa.

Nawasihi wachungaji na wazee wa kanisa mliomo ukumbini: mnapoketi kupanga makisio ya mwaka ujao, fungu la wahitaji liandikwe kwanza, kabla ya jengo na vyombo vya muziki, na matumizi yake yasomwe mbele ya washarika wote. Nasi tuliojaliwa mishahara na mashamba, tusingoje njaa ije ndipo tufungue.