Hiki ni cha Nani? Nasaha kwa Mafundi wa Kushona

(Maelezo ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata mbele ya vikundi vya ushonaji)



Nimeombwa nizungumze juu ya utaratibu katika vyumba vya kushonea. Anayeingia katika vyumba vyetu vingi hakuti uchafu, hukuta vitambaa. Vimo chini ya meza, juu ya kabati, ndani ya viroba nyuma ya mlango, na vingine vimefunika cherehani iliyoharibika siku nyingi. Kwa hiyo ufagio peke yake hautatusaidia. Tunachohitaji ni kujua kila kitambaa ni cha nani na kinangoja nini.

Jambo hili si geni kwa watu wa Tabora. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na fedha yake ilikuwa kitambaa: merikani iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Posho za wapagazi na hongo za watemi zililipwa kwa shuka na doti. Vitambaa vilifungwa kuwa mitumba, kila mtumba mzigo wa mtu mmoja, kilo 30 hivi. Neno hilohilo tunalitumia leo kwa nguo za mitumba. Aliyechukua asichokihitaji alimlipa mpagazi bure, na aliyepoteza hesabu ya mitumba yake alikwama njiani.

Mwaka 1871, David Livingstone alifika Ujiji akiwa amedhoofika, akitumaini kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka pwani. Alikuta aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza. Mwaka uliofuata ilimbidi akae miezi kadhaa hapa Kwihara, katika tembe ambalo sasa ni makumbusho, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Kitambaa kilicho mikononi mwa mwingine ni amana, na amana ikipotea safari ya mwenyewe husimama.

Kwa hiyo, siku mtakayopanga chumba, toeni kila kitu nje, chini ya mwembe, kabla ya mvua za Novemba. Msianze kwa kuuliza, “Kitafaa?” maana kila kipande huonekana kitafaa. Ulizeni kwanza, “Hiki ni cha nani?” Kwa swali hilo mtapata mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mali ya wateja. Kila kitambaa kifungwe pamoja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, namba ya simu, vipimo na tarehe ya kupokelewa, na hayo yote yaandikwe pia katika daftari. Mabaki ya kitambaa cha mteja ni yake. Mrudishieni pamoja na nguo, au mwombeni. Nguo iliyokaa muda mrefu bila kuchukuliwa isiuzwe kimyakimya. Mpigieni simu mwenyewe, mtumieni ujumbe kupitia jirani, na tangu sasa kubalianeni na kila mteja, kwa maandishi, nguo itangoja kwa muda gani. Mama aliyewaletea kitenge cha harusi ya mwanawe hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba kimechanganyika na vingine.

Fungu la pili ni mali yenu. Hapa nitaambiwa kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini kitambaa huoza: panya hukitoboa, unyevu hukitia ukungu, jua la dirishani hukififisha. Chukulia fundi ana vipande 20, kila kimoja alikinunua kwa shilingi 3,000. Hizo ni shilingi 60,000 zilizolala chini ya meza, na huenda mwenyewe anakwenda dukani kununua kitambaa kilekile alicho nacho. Basi kila kipande kitajiwe kazi. Kikubwa kiwe shati la mtoto au sketi. Cha wastani kiwe mfuko wa sokoni, ambao una soko tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kidogo kiwe kiraka, au wanafunzi wajifunzie mshono. Kisichopata kazi hadi msimu wa sare za shule za Januari upite, kiuzwe au kitolewe. Cherehani isiyotengenezeka nayo iuzwe kwa fundi anayehitaji vipuri.

Fungu la tatu ni takataka. Msizichome uani, kwa maana vitambaa vingi vya siku hizi vina nyuzi za plastiki na moshi wake ni mbaya kwa kifua. Msizitupe mitaroni, kwa kuwa mvua ikinyesha mtaro ulioziba huingiza maji katika nyumba za majirani. Zifungeni, mzipeleke mahali pa kukusanyia taka. Na wanaotumia pasi ya mkaa waiweke mbali na mabaki, mlango ubaki wazi. Cheche moja inaweza kuteketeza mali ya wateja wote kwa usiku mmoja.

Ndugu zangu, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa, ili kikundi kingine nacho kipate. Kikundi kisichojua kina mita ngapi za kitambaa hakiwezi kujua kama kimepata faida, na mwisho wake hushindwa kurejesha, ingawa wanachama wake wamefanya kazi mchana na usiku. Kikundi chenye daftari la amana na daftari la mali humwonyesha mkaguzi hali yake kwa muda mfupi, tena bila hofu.

Naomba kila kikundi kichague siku moja mwezi huu. Anzeni na fungu la wateja. Hayo mengine yanaweza kusubiri hadi kesho yake, lakini amana za watu zisilale tena bila jina.