Utosi wa Mtoto na Safari ya Mbale

Fuvu la mtu mzima na uso wake vina mifupa 22: minane huzunguka ubongo, 14 huunda uso. Ya mtoto mchanga bado haijashikana, ndiyo maana utosi wake hudunda ukiugusa. Upenyo huo humsaidia kuzaliwa, tena huupa ubongo pa kukulia. Lakini maji yakijaa kichwani, mifupa hiyo husukumwa, utosi hutuna, macho huelekea chini.

Mzazi wa Budondo, hapo Jinja, akiona dalili hizo, asihangaike kutafuta aliyemroga mwanawe. Hospitali ya watoto ya CURE iko Mbale. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Daktari Benjamin Warf alionyesha kuwa watoto wengi walipata maradhi haya ya maji kichwani kutokana na maambukizi ya uchangani. Kwa kamera nyembamba alifungua njia mpya ya maji na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Wengi wakaepuka mrija wa kudumu wa kutoa maji, ambao ukiziba mbali na hospitali huweza kuua.

Naomba kliniki zetu za chanjo zipime mzingo wa kichwa, si uzito tu. Utepe wa kupimia ni wa bei ndogo. Kichwa kikikua kupita kiasi, mtoto apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.