Picha za Rangi au za Nyeusi na Nyeupe?



Sisi walimu tuliombwa ushauri: picha za kumbukumbu zichapwe kwa rangi, au zote kwa nyeusi na nyeupe?

Wazazi wetu walipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 walibeba picha chache. Zile za rangi zilizotundikwa ukutani zimepauka, kwani rangi zake huharibiwa na mwanga na joto. Za nyeusi na nyeupe zimefanyika kwa chembe za madini ya fedha, nazo hudumu zaidi.

Hata hivyo, hatukubali kuondoa rangi ati ili huzuni ionekane. Mama mmoja alimtambua marehemu dada yake kwa kitenge cha manjano. Uso ulikwisha kufutwa na unyevu.

Basi tunapendekeza picha za rangi zibaki na rangi zake, zitunzwe ndani ya bahasha, mbali na jua na mvua. Nyuma yaandikwe majina na mwaka, kwa penseli. Watoto wetu wasije wakauliza, "Huyu ni nani?" wakakosa wa kuwajibu.