Mganga Amtangulie Hakimu



Mwishoni mwa Juni 2012, porini karibu na Chitego, wilayani Kongwa, zilikutwa maiti za watu zaidi ya 40, raia wa Ethiopia. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori lililoelekea kusini, wakakosa hewa, nao waliowasafirisha wakawatupa na kwenda zao. Wenzao walionusurika walikutwa wamedhoofika kwa njaa na kiu.

Njia hiyo haijafungwa. Waethiopia na Wasomali huvuka Kenya, huingia Tanzania kwa siri, hupita nyanda za kati, kisha hutafuta Malawi au Zambia, nia yao ikiwa ni kufika Afrika Kusini. Wapo wanaokimbia vita na mateso. Wapo wanaokimbia umaskini na uhaba wa ardhi. Wasafirishaji huwachanganya wote katika lori moja, na wakikamatwa huchanganywa wote katika mahabusu moja. Nani basi atajua yupi ni mhamiaji na yupi ni mwomba hifadhi, ikiwa hakuna aliyewauliza?

Sheria ya Uhamiaji ya 1995 humhesabu aliyeingia bila kibali kuwa mkosaji. Lakini ipo pia Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayompa mwomba hifadhi siku 7 za kujitokeza, hata mbele ya ofisa mtendaji wa kijiji. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi atokaye moja kwa moja kwenye hatari kwa sababu tu ya kuingia bila ruhusa, mradi ajitokeze bila kukawia. Sasa kijana asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, asiye na mkalimani wa Kiamhari, Kioromo au Kisomali, atajitokezaje? Akisomewa shtaka akatikisa kichwa, je, amekiri kosa, au ameomba maji?

Afya yake nayo haisubiri tarehe ya kesi. Mtu aliyesongamana na wenziwe siku nyingi ndani ya lori hafiki mahabusu akiwa mzima. Mwili umepungukiwa maji, miguu imevimba, ngozi ina upele. Atokaye milima isiyo na malaria hana kinga ya ugonjwa huo. Aliyeshinda njaa muda mrefu, akilishwa chakula kingi kwa mara moja, aweza kufa. Yapasa aanzishwe kidogo kidogo huku akiangaliwa. Hatua hizi za mwanzo hazidai hospitali kubwa. Zadai mganga afike siku ya kwanza, si siku mgonjwa anapozimia.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza kila anayeingia gerezani apimwe mapema iwezekanavyo, na atibiwe bure kwa kiwango kile kile wanachopata raia walio nje, bila kujali hali yake ya kisheria.

Wapo watakaouliza: zahanati za vijijini zina upungufu, vipi mgeni atangulizwe? Hakuna anayeomba atangulizwe, aombewa asisahauliwe. Kifua kikuu hakiulizi pasipoti. Mgonjwa wa kigeni hulala chumba kimoja na mahabusu wa Kitanzania, na askari anayewalinda hurudi jioni kwa watoto wake. Tena, wageni wengi wamemaliza vifungo vyao wakabaki gerezani kwa kukosa nauli ya kurudi kwao, hata Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likaingia kusaidia. Swali lililokwepwa siku ya kwanza hulipiwa kwa miezi ya chakula na msongamano.

Kongwa yenyewe inalo la kufundisha. Tangu 1964 ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO, MPLA na ANC ya Afrika Kusini. Wengi wao walitoroka kwao bila hati yoyote. Tanzania haikuanza kwa kuwauliza pasipoti. Iliwauliza wanakimbia nini, ikawapa mahali pa kukaa. Afrika Kusini wanayoikimbilia vijana wa leo ilipiganiwa, kwa sehemu, kutoka wilaya ile ile walikofia wenzao.

Basi kila mmoja ana zamu yake. Ofisa mtendaji anayepata habari za wageni porini aite zahanati wakati ule ule anapoita polisi. Ofisa uhamiaji atafute mkalimani, amwulize kila mmoja peke yake anaogopa nini akirudishwa. Hakimu asipokee jibu la shtaka ambalo mshtakiwa hakulielewa. Mwalimu awafundishe wanafunzi kwamba kuingia bila kibali ni kosa la karatasi, na kwamba mtu hapotezi utu wake kwa kukosa karatasi.

Sheria ifuate mkondo wake, lakini impate mtu akiwa hai.