SAYANSI IKIANDIKWA, MKULIMA HUPONA

Leo tuzungumze juu ya sayansi, na jinsi inavyomfaa mkulima ikiandikwa kwa lugha anayoielewa.

Wengi wetu tukisikia neno sayansi, mawazo hukimbilia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro mjini. Ni kweli, wataalamu wako pale. Lakini sayansi yenyewe ni nini? Ni kuuliza, kujaribu, kuangalia na kuandika ulichokiona. Kazi hiyo hata mwenye ekari moja anaiweza.

Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1960, kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wataalamu wakachunguza chakula chao, wakakuta mashudu ya karanga yaliyoingiwa na ukungu wenye sumu. Sumu hiyo wakaiita aflatoksini. Sasa basi, mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, ndani ya mahindi. Miaka 56 ilikuwa imepita tangu bata wale wafe! Elimu ilikuwapo, ila elimu inayokaa vitabuni kwa lugha ya kigeni hailindi chungu cha mtu.

Ndiyo maana nalipenda neno moja la Kiswahili: sumukuvu. Ni sumu, tena ni ya kuvu. Mama akilisikia mara moja tu, amekwisha kujua adui ni nani na anatoka wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi mzuri wa sayansi.

Kuvu hupenda joto na unyevu. Huku kwetu bondeni joto halikosekani, kwa hiyo tupigane na unyevu. Tusianike mahindi juu ya udongo. Tutumie turubai, mkeka au kichanja. Tuchambue punje zilizooza, zilizovunjika na zenye ukungu. Tena tusidanganyane kwamba moto utatusaidia: kupika hakumalizi sumu hii, na mahindi yanaweza kuwa nayo hata kama ukungu hauonekani.

Utajuaje kama mahindi hayajakauka? Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya hapo. Hata hivyo, kwa kuweka ghalani muda mrefu tunataka asilimia 13, kwa hiyo yaongezee jua kabla ya kufunga magunia.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi hunyonya maji. Mnaona? Hiyo ni sayansi, na imo jikoni mwenu.

Ombi langu ni hili. Kila nyumba iwe na daftari moja. Andikeni tarehe ya kuvuna, siku mlizoanika, na chumvi ilisema nini. Kama wewe huandiki, mwite kijana wa shule akuandikie. Mwaka ujao hamtabishana kwa kukumbuka, mtafungua daftari.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomeana kijitabu, wakajadiliana, halafu wakaenda kutenda. Njia ile haijazeeka. Bwana shamba au bibi shamba akija, msimwache aondoke na maneno matupu: mwambieni awaandikie, kwa Kiswahili chepesi, nanyi msomeane.

Ndugu wakulima, nawatakia mavuno makavu na kazi njema.