Soma Gramu, Si Ukubwa wa Kopo

Msikilizaji, Uingereza kopo la chokoleti za aina mbalimbali ni sehemu ya Krismasi. Mojawapo, Quality Street, iliyoanza kuuzwa 1936, ilianza kuhamia kwenye vifungashio vya karatasi mwaka 2022, na hilo ni jema. Linaloniudhi ni uzito kupunguzwa kimyakimya. Mwaka 2016 chokoleti ya Toblerone ya gramu 400 iligeuka 360 huko Uingereza: mapengo kati ya vilele vya chokoleti hiyo yalipanuliwa, boksi likabaki lile lile. Ufaransa, tangu Julai 2024, maduka makubwa yanalazimika kubandika tangazo bidhaa ikipunguzwa uzito huku bei ya kilo ikipanda. Sheria nzuri mno! Nawe dukani geuza kopo, soma gramu, gawanya bei kwa uzito, ndipo ulinganishe.